Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utafiti wa Misitu: msiyafunge majaribio ya miti jangwani

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu miti ya majaribio iliyopandwa jangwani, ambayo hupimwa miaka mitatu au mitano kisha huachwa fedha za mradi zinapokwisha. Nakuomba usitie saini ya kuyafunga majaribio hayo.

Mche wa miaka mitatu haujaonja jangwa. Umemwagiliwa, umezungushiwa uzio, mbuzi hawajaugusa. Mtihani wenyewe huanza maji yanapokatwa, na huwa mkali zaidi miti inapokua hadi mizizi ya majirani ikagombania unyevu uleule. Nafasi iliyotosha mwanzoni inaweza kuiua miti ikishafika miaka 15.

Kinachoniuma zaidi ni namna takwimu zinavyosomwa. Tuseme ilipandwa miti 100, kisha 60 iliyodumaa ikafa. Wastani wa urefu utapanda, ingawa hakuna mti hata mmoja ulioongezeka sentimita! Ripoti itasifu ukuaji pale ambapo kilichotokea ni vifo. Ndiyo maana urefu usitolewe kamwe bila idadi ya miti iliyo hai, na kila mti uliokufa uandikiwe mwaka na sababu: ukame, mchwa, mifugo au chumvi.

Halafu kuna maji yaliyo chini. Kisima kilipochimbwa karibu na ule mgunga mashuhuri uliosimama peke yake katika jangwa la Ténéré, nchini Niger, mwishoni mwa miaka ya 1930, mizizi yake ilikutwa zaidi ya mita 30 ardhini. Nchini Chile, mitamarugo, miti ya jangwani iliyopandwa kwa wingi katika nyanda kame za Pampa del Tamarugal miaka ya 1960 na 1970, huishi kwa maji ya ardhini, kwani mvua karibu haipo. Maji hayo yakivutwa kupita kiasi, hata mti uliokwisha kukomaa hudhoofika. Vipimo vya miaka mitano visingeonyesha hilo.

Siombi mradi mpya. Ramani ya viwanja itunzwe, vibao vya namba vibaki kwenye mashina, na wapimaji warudi kila baada ya miaka michache, hasa baada ya ukame mkubwa. Kazi hiyo ni ya siku chache tu, na miti yenyewe imeshagharimiwa.

Naomba jibu la maandishi kabla vibao havijang'olewa.

Wako,
Mdau wa misitu ya nchi kame