Marekani na mita: shida ni siasa, sio mazoea

Ndugu Mhariri,

Watu wanasema Marekani haijahamia mita na kilo kwa sababu wananchi wamezoea maili na pauni, mi naona wanakosea kabisa, mazoea kila nchi ilikuwa nayo. Hata Ufaransa yenyewe iliyoanzisha mfumo huu 1795 watu waligoma, mpaka Napoleon 1812 akaruhusu vipimo vya kizamani virudi madukani, ikabidi sheria iwalazimishe tena kuanzia 1840. Sasa Marekani walifanyaje? Bunge likapitisha sheria 1975, Rais Ford akasaini, lakini kwa hiari!! Bodi ya kusimamia uhamiaji huo ikaundwa haina meno, haiwezi kumlazimisha yeyote, halafu 1982 Reagan akaivunja kubana matumizi. Kiwanda gani kitabadilisha mashine kwa gharama yake wakati mshindani wake habadilishi?

Na hasara ipo. 1999 chombo cha NASA kilichoenda Mirihi kilipotea kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa pauni, upande wa pili wakazisoma kama nyutoni (kipimo cha nguvu kwenye mfumo wa mita), mamilioni ya dola yakapotea hivihivi. Inauma zaidi maana tangu 1893 yadi na pauni zao zenyewe zinapigiwa hesabu rasmi kutoka mita na kilo, yaani msingi wanao tayari.

Bunge lao liweke tarehe ya mwisho, iwe lazima. Australia walifanya hivyo, Julai 1974 vibao vya barabarani nchi nzima vikabadilishwa ndani ya mwezi mmoja tu.

Msomaji wenu