Hesabuni majiko kabla ya kugawa unga

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na kamati za maafa za vijiji na kata hapa Bagamoyo, pamoja na wasamaria wanaopakia malori kila mto Ruvu au Wami unapofurika.

Mito hii haingoji mvua ya kwetu. Ruvu unateremka kutoka Uluguru, Wami unakusanya maji ya Ukaguru na Nguru, hivyo mabonde ya huku chini yanaweza kujaa jua likiwaka. Maji hayo yakikutana na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari huyazuia, yakakawia mashambani. Kwa hiyo msaada wa hapa upangwe kwa wiki kadhaa, na upangaji huanza na orodha. Hapo ndipo mambo huharibika.

Mjumbe anapita akihesabu nyumba zilizoingiwa na maji. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita inaandikwa moja, kwa jina la mwenye nyumba ambaye pengine yuko Dar es Salaam. Ndani mna wapangaji wanne, kila mmoja na jiko lake na watoto wake, na mfuko wa unga unakuja mmoja. Wake wawili wa bwana mmoja nao wanaandikwa kaya moja, ilhali wanapika mbalimbali. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Swali la mlangoni liwe: "Hapa majiko mangapi?" Kisha, kwa kila jiko, liandikwe jina la anayepika, idadi ya walaji, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Majina na idadi ya walaji visomwe mkutanoni na kubandikwa ofisi ya mtendaji angalau siku moja kabla ya ugawaji. Habari za ujauzito na ulemavu zibaki kwenye daftari. Jina hewa, la mtu asiyekuwepo, likisomwa hadharani, watu hucheka kabla msomaji hajafika mstari wa pili.

Idadi ya walaji ndiyo inayotoa kilo. Mtu mmoja anahitaji wastani wa kilokalori 2,100 kwa siku, ambazo hupatikana kwa gramu 450 za unga, 60 za maharage na 30 za mafuta, pamoja na gramu 5 za chumvi. Watu watano kwa siku 15 ni unga kilo 34, maharage kilo 4 na nusu, mafuta lita 2 na nusu, na chumvi chini kidogo ya nusu kilo. Sasa angalieni mfuko uliozoeleka wa kilo 25 "kwa kila nyumba": kwa watu watano unaishia siku ya 11, kwa watu tisa haumalizi wiki.

Hata hivyo unga usitangulie. Siku tatu za mwanzo sufuria zimechukuliwa na maji na kuni zimeloa. Mfuko wa unga utauzwa au utaota ukungu. Walipwe mama lishe wa jirani wapike, kwani wana masufuria makubwa na wanajua kupikia watu mia. Unga mkavu uje baadaye, ukiandamana na sufuria mbili na mkaa.

Kabla ya chakula chochote kuna maji. Lengo ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kila jiko lipate ndoo mbili za lita 20, moja ya kuchotea, nyingine yenye mfuniko na koki ya kuhifadhia. Maji ya mafuriko yana tope, na tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo kiingie kidonge cha klorini. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Yasubiriwe dakika 30. Yakibaki na ukungu, viwe viwili. Msigawe vidonge bila kuonyesha kwa ndoo mbele ya watu, maana vinafanana na dawa za kumeza na wapo watakaovimeza. Na watoto wasitumwe kuchota ukingoni mwa Ruvu. Kuna mamba na viboko.

Shule ikigeuzwa makazi, vyoo vyake huzidiwa haraka. Wekeni tundu moja kwa watu 20, wanawake mbali na wanaume, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Huku pwani shimo la mita tatu hukutana na maji chini na mchanga hubomoka, kwa hiyo chimbeni kifupi, zuieni kuta kwa pipa lililotolewa vitako, na inueni sakafu kwa magunia ya mchanga.

Turubai la mita 4 kwa 6 linafaa kaya ya watu watano, lakini likitobolewa kwa msumari litachanika kwa upepo wa kwanza. Fungeni kijiwe ndani ya kona, kamba ishike shingo ya kijiwe.

Wenye fedha taslimu watume kwa simu, na watume na ada ya kutolea. Vijiji vipewe zamu: watu mia tatu wakimwendea wakala mmoja siku moja, pesa inamwishia saa nne asubuhi. Waliopoteza laini warudishiwe kwanza kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama ya kidole. Nguo kuukuu tafadhali bakini nazo. Kuzichambua kunakula siku za vijana ambao wangekuwa wanachimba vyoo.

Maji yakishuka, mbegu zifike udongo ukiwa bado na unyevu. Kunde ziwe za kwanza, kwa sababu majani yake huchumwa mboga baada ya wiki nne hivi, wakati mpunga unataka miezi minne.

Mdau wa afya ya mazingira,
Bagamoyo