Salamu za Krismasi kwa wamishenari wanaokaa kwetu, kutoka kwa majirani wa Kisumu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mlikuja kwetu na watoto, masanduku na Kiswahili cha darasani, na sasa Krismasi imebisha hodi tena. Mvua za vuli zinaishaisha, mahindi yamekauka, na mabati ya Kisumu yanalia kwa joto saa nane mchana. Tunajua mwezi huu mnakumbuka baridi ya kwenu na sauti za nyanya na babu. Theluji hatuna. Tulicho nacho ni salamu hizi, na ombi moja: Krismasi hii mkubali kuwa wageni. Kutoa mnajua, tena sana. Kupokea ndiko kunakowasumbua.

Tuanze na jambo linalowaumiza wengi bure. Kuanzia tarehe 20 hivi, mitaa ya Kisumu na Nakuru hupungua watu. Jirani wa chai ya kila Jumamosi amefunga lango, nanyi mnadhani mmesahauliwa. Hajawasahau, ameenda ushago, yaani kwao kijijini: Siaya, Vihiga, Bungoma, Kericho. Atarudi shule zikikaribia kufunguliwa. Kwa sababu hiyohiyo, dada wa nyumbani na mlinzi walipwe mapema, wiki moja kabla ya sikukuu, pamoja na cha Krismasi. Anayepewa mshahara asubuhi ya tarehe 24 hufika steji akakuta nauli imepanda na viti vimejaa, na zawadi mliyomwongezea inaishia mkononi mwa makanga.

Mkialikwa ushago, nendeni. Ulizeni saa mara mbili. "Njooni saa sita" ni saa sita mchana, jua utosini. Wapo waliofika jioni kwa sababu simu zao zilisoma 6, wakakuta wenyeji wamekaa kimya na chakula kimepoa. Bebeni mkate, sukari kilo mbili, majani ya chai, mafuta ya kupikia na mche wa sabuni. Bahasha ya pesa si mbaya, ila haiingii jikoni siku hiyo. Sukari inaingia. Kama mtalala, hasa karibu na ziwa, bebeni chandarua chenu na kamba ya kukifungia, kwa maana malaria huku ni ya mwaka mzima. Homa ikimpata mtoto wiki moja au zaidi baada ya safari, apimwe damu siku hiyohiyo, hata kama mmeshapanda ndege. Daktari wa kule aambiwe mlikotoka, la sivyo atatafuta mafua.

Mkifika, salimieni kila mtu kwa mkono, mpaka mtoto wa mwisho aliyejificha nyuma ya leso ya mamake. "Mulembe" kwa Waluhya, "Chamgei" kwa Wakalenjin. Hata mkiikosea, watu watacheka kwa furaha. Atakayekuita Mama Emily badala ya jina lako hajakudharau. Amekupa cheo.

Kisha chai, na hapa kuna kosa tunaloliona kila mwaka. Chai ya huku haiongezwi maziwa kikombeni. Maji na maziwa huingia sufuriani pamoja, nusu kwa nusu, majani hutiwa yanapoanza kutokota, vijiko viwili vidogo kwa lita moja, halafu moto hupunguzwa dakika chache mpaka rangi ishike. Ukigeuka kidogo tu, inafurika na kuzima jiko. Sasa, majirani wakija kwenu, msiwape kikombe cha maji moto na kifuko cha majani pembeni. Hiyo kwetu ni strungi, na strungi hunywewa pale maziwa yamekosekana. Mgeni atakunywa, atashukuru, na akifika kwake atasema wazungu mwezi huu wamebanwa.

Baada ya chai kuna kungoja, na kungoja huko ndiko kunakowachosha. Chakula hakijachelewa. Kuku bado anafukuzwa nyuma ya nyumba, kwa sababu kuku wa mgeni hachinjwi kabla mgeni hajaonekana. Akishachinjwa hutumbukizwa kwenye maji ya moto yasiyotokota. Yakitokota, ngozi huiva na kuchanika pamoja na manyoya. Yakiwa ya vuguvugu, manyoya hayang'oki. Halafu hupitishwa juu ya moto kuunguza vinyweleo, hukatwa, na huchemshwa na chumvi peke yake kabla ya kitunguu na nyanya. Kuku wa kienyeji si yule wa dukani wa nusu saa. Jogoo mzee huweza kula saa mbili za moto na bado akawa na ubishi. Basi toka kuingia hadi kunawa, hesabuni saa tatu. Watoto wenu walisheni ndizi njiani.

Maji ya kunawa yataletwa mezani na birika na beseni. Kwa Waluhya, firigisi ina mwenyewe: ni ya mwenye nyumba, au mgeni anayeheshimiwa. Ikiwekwa kwenye sahani yako, uile. Usimkatie mtoto, usimrudishie mama. Na kwa Waluo, kichwa cha samaki kikielekezwa kwako, hujapewa makombo.

Kanisani tarehe 25, mgeni ataombwa asimame asalimie. Dakika moja yatosha: "Bwana asifiwe", jina, mnakotoka, salamu za kanisa lenu, keti. Kazi kubwa iko kwenye mnada wa sadaka. Waumini wengine hawaleti pesa, huleta mayai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na vitu hivyo vinanadiwa palepale. Raha yake ni kupanda polepole: mia mbili, mia mbili hamsini, mia tatu, kicheko, mzee wa pembeni anaongeza ishirini. Mmishenari mwenye moyo mwema anasimama na kusema elfu tano. Kimya. Kuku ameuzwa, mchezo umekwisha, na aliyekuwa na mia nne zake tangu nyumbani anazirudisha mfukoni. Ngojeni watatu wanne watangulie, ongezeni hamsini, mkubali kushindwa. Mkishinda, mpeni kuku huyo bibi aliyekaa mbele. Kama mna elfu tano, kapu la sadaka halina kelele.

Huenda mkaondoka na kuku wenu pia. Mbebeni kwapani, si kichwa chini. Nyumbani mfungueni miguu mara moja, mmoja ubaki na kamba ya mita mbili kwenye nguzo, maji na mahindi karibu, siku tatu hivi mpaka ajue hapo ndipo kwao. Mkipewa koo anayetaga, maana yake mmepewa mbegu, si kitoweo. Watoto wakishampa jina, basi, kitoweo hakipo tena hata akiwa jogoo.

Wa nyumbani kwenu pia wanangoja simu. Saa kumi na mbili jioni ya Kisumu ni saa tatu asubuhi Chicago na saa tisa alasiri London, wakati mzuri kwa wote wawili. Kwa Seoul pigeni saa sita mchana wetu, kule ni saa kumi na mbili jioni. Mtandao hulemewa sikukuu, watu wote wakituma salamu na pesa. Sauti hupita pale picha inapokwama.

Mnaorejea kwenu Januari kwa likizo, waambieni watoto wa jirani sasa, kwa tarehe. Wale wanaocheza mpira wa karatasi na wanenu hujua kuhesabu siku, ila hawajui kuagana na lango lililofungwa. Acheni picha iliyochapishwa, kwa kuwa iliyo kwenye simu ya baba hupotea na simu. Wanenu nao waacheni walie. Sheng waliyojifunza hapa, lugha ya vijana wa mtaani, kule hawatapata wa kuizungumza naye.

Wamishenari wa Friends, yaani Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, wa CMS, chama cha umisheni cha Kianglikana, wakafungua Maseno mwaka 1906, na tangu hapo familia nyingi kama yenu zimepita kwenye nyua zetu. Wazee bado huwataja wachache kwa majina, hasa wale waliokuwa wakisindikizwa mpaka barabarani bila kutazama saa.

Kesha la tarehe 31 huanza saa tatu usiku. Bebeni shuka, na cha watoto kulalia kwenye benchi. Na kapu lililokuja na viazi mwezi uliopita lisirudi tupu: ndimu tatu za uani zatosha.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Hodi yenu tunaingoja.

Majirani zenu