Asiyevaa koti jeupe naye ni daktari

Bwana Mhariri,

Mimi ni daktari, mkaaji wa Bukavu. Niliacha wodi nikaingia kazi ya kufuatilia magonjwa ya mlipuko, na hadi leo majirani wananiuliza kama nilifukuzwa. Inaniuma. Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta upele, ilipozuka Kamituga, mji wa Kivu Kusini, mwaka 2023, ilibidi watu wakae na orodha za wagonjwa, walinganishe umri, mtaa, kazi na tarehe ya upele wa kwanza, ili wajue ugonjwa unapita wapi. Huo ni udaktari kamili! Vyuo vyetu viwaonyeshe wanafunzi mapema maabara, takwimu, usimamizi wa zoni ya afya (eneo lenye hospitali na vituo vyake vya afya), hata uandishi wa habari za afya. Na ninyi wazazi, tafadhali, msiwaite watoto wanaochagua kazi hizo walioshindwa.

Daktari mama, Bukavu