Huyo dokta ni dokta wa nini?

Mhariri,

Mi ni fundi friji miaka mingi sasa na haipiti wiki hajaja mteja akaniambia fundi we jaza tu gesi, imeisha. Sasa gesi ya friji haiishi kama petroli, inazunguka humohumo kwenye mabomba, ikipungua ujue kuna mahali panavuja, ukijaza bila kuziba umetupa hela. Huwa nacheka kimoyomoyo. Halafu jioni nikishafunga kazi nakaa na wenzangu tunachambua chanjo, riba za benki kuu, tabianchi, na mi naongea kwa kujiamini vilevile kama yule wa gesi.

Siku hizi kabla sijabisha najaribu kwanza kujieleza hicho kitu kinafanyaje kazi, hatua kwa hatua. Riba ikipanda, bei zinashukaje? Watu wanakopa kidogo, wananunua kidogo, halafu... hapo nakwama, na nilikuwa nishaanza kupaza sauti.

Ila na nyinyi wa magazeti mnachangia. Mnaandika "dokta fulani asema" na sisi tunameza. Dokta wa nini? Linus Pauling alipata Nobel ya kemia 1954 na ya amani 1962, kichwa kwelikweli, lakini alipoanza kutangaza kwamba vitamini C kwa dozi kubwa inazuia mafua na baadaye akaongeza inasaidia kansa, madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani wakaipima kwa wagonjwa wa kansa, majibu ya 1979 na ya 1985 yakaonyesha haikuwasaidia. Nobel zake zilikuwa za mambo mengine.

Najua kuna mtu atanirushia Alfred Wegener, yule Mjerumani wa hali ya hewa aliyesema 1912 kwamba mabara yanasogea, wanajiolojia wengi wakamkataa na kumbe alikuwa sahihi. Kweli kabisa. Ila si kuchekwa kulikofanya akubaliwe, alikubaliwa miaka ya 1960 baada ya watu kupima sakafu ya bahari, na yeye alikuwa ameshafariki tangu 1930. Wanaochekwa ni wengi jamani, na wengi wao wamekosea tu.

Kwa hiyo ombi langu, mkimnukuu dokta au profesa ongezeni maneno machache, kasomea nini, na wenzake wa fani hiyo wako naye au yuko peke yake. Akiwa dokta wa fasihi nitamsoma tu, ila akifika kwenye figo nitapunguza mwendo.

Msomaji wenu,
Fundi friji