Talaka yangu benki haikuiona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba shemeji yake ana roho mbaya. Kosa la shemeji huyo, tuliambiwa, ni kutaka nyumba ya ndoa iuzwe baada ya talaka, ilhali kaka mtu yuko tayari kubaki nayo na kuendelea kulipa mkopo. "Anaondoka, ya nyumba yanamhusu nini?" aliuliza. Mimi niliondoka, Mhariri, na yaliendelea kunihusu kwa karibu miaka 3.

Nyumba yetu tuliichukulia mkopo wa miaka 15, tukasaini wote wawili kama wakopaji. Mshahara wa mume wangu peke yake haukutosha, ndiyo maana na wangu ukaingizwa. Mwaka wa sita ndoa ikavunjika. Kuhusu nyumba hatukugombana: yeye abaki na watoto wasihame shule, mkopo aubebe yeye, na mimi anilipe sehemu yangu kidogo kidogo. Mahakama ikaandika hivyohivyo. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa wakili nikasaini karatasi ya kumwachia sehemu yangu ya nyumba. Nakumbuka kalamu yangu iligoma kutoa wino, wakili akaniazima yake. Nikarudi nilikopanga, nikalala mchana kutwa.

Miezi 14 baadaye nilikwenda benki nyingine kuomba mkopo mdogo, na mimi nipate pangu. Afisa mikopo, kijana mpole, akanigeuzia skrini ya kompyuta nijisomee mwenyewe. Mkopo wa nyumba ulikuwa palepale na jina langu limo, salio lote limehesabiwa kuwa deni langu, wala si nusu. Tena marejesho ya miezi 2 yalikuwa hayajaingia. Nikamwambia nimeshatalikiwa, nikatoa hukumu kwenye mfuko wake wa plastiki. Akaisoma yote, sifa hiyo nampa, kisha akasema, "Dada, talaka haimo kwenye mfumo wetu."

Nilikasirika, lakini kijana hakukosea. Mkataba wa mkopo ulikuwa na pande 3: mume, mimi na benki. Mahakama ilitugawia mzigo sisi wawili tu. Amri yake ilinipa haki ya kumrudisha baba watoto mahakamani asipolipa, ila haikuizuia benki kunidai mimi. Na watu wawili wakisaini mkopo mmoja pamoja, kwa kawaida kila mmoja anadaiwa deni zima, si nusu yake. Kutoa jina kwenye hati ya nyumba ni shughuli moja, kulitoa kwenye mkopo ni nyingine kabisa. Mimi nililitoa kwenye hati, nikalibakiza kwenye deni. Nilikuwa nadaiwa nyumba isiyo yangu!

Nikampigia baba watoto. Hakuwa ametoroka deni. Mshahara ulichelewa, akaona atalipa mbele ya safari. Nikamwambia sasa lazima achukue mkopo mpya kwa jina lake pekee, uzime ule wa zamani, mimi nitoke. Akasema rahisi, kwani si mkopo uleule?

Si uleule. Tuseme nyumba ina thamani ya 100 na deni lililobaki ni 60. Kilicho chenu ni 40, na nusu yake ni 20. Anayebaki hakopi 60, anakopa 80: 60 za kuzima mkopo wa zamani, na 20 za kumlipa anayeondoka. Zile 60 zilibebwa na mishahara miwili. Hizi 80 zinataka kubebwa na mmoja, tena wa mtu ambaye ana matunzo ya watoto na marejesho 2 yaliyochelewa kwenye taarifa zake. Ombi la kwanza likakataliwa.

Ombi la pili likaanza kwa kumleta mthamini. Nilikuwepo siku hiyo. Alikuwa akigonga vigae vya bafuni kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja, anasikiliza, baba watoto anamfuata nyuma kama anayekaguliwa yeye. Nje akasimama mbele ya tangi la maji nililolinunua kwa fedha zangu za kushona nguo, akaandika "tangi, 1". Basi. Na hapo ndipo tukagombana, baada ya mwaka mzima wa heshima. Thamani ni ya siku ipi, ya leo au ya siku tuliyoachana? Na yale marejesho aliyolipa peke yake tangu niondoke, yapunguze fungu langu au yahesabiwe kama kodi ya kukaa ndani? Hukumu ilikuwa kimya. Tulitumia miezi 4 kubishana mambo ambayo mstari mmoja wa maandishi ungeyamaliza.

Benki ilikubali hatimaye, kwa kurefusha muda. Wengi wanafikiri kurefusha muda ni huruma, kwa hiyo nimepiga hesabu. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio, kila 100 unayokopa kwa miaka 10 utarudisha kama 172. Ukikopa kwa miaka 20 utarudisha 264. Na rejesho la mwezi, ambalo ndilo ulilolikimbia, punguzo lake halifiki hata robo. Juu yake kuna mthamini, wakili, usajili, na tozo ya kuuzima mkopo wa zamani kabla ya wakati wake, ambayo hatukuwa tumeiona kwenye mkataba kwa sababu hatukuwahi kuusoma hadi mwisho. Baba watoto alipoletewa jumla aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi tungeuza tu?" Sikumjibu. Ningemjibu nini, na mimi ndiye niliyesema watoto wasihame?

Simaanishi kila nyumba iuzwe. Ninachoomba kwa mawakili wanaotusainisha haya makaratasi ni kwamba amri ya talaka itaje tarehe: anayebaki awe ameshapata mkopo wa jina lake kufikia siku fulani, na asipoupata nyumba iuzwe wagawane. Itaje pia thamani ni ya siku gani. Na karatasi ya kuachia sehemu isisainiwe wiki ya talaka, isainiwe mezani palepale siku benki inapozima mkopo wa zamani. Karatasi ile ndiyo silaha pekee aliyonayo anayeondoka, na mimi niliitoa bure kwa kalamu ya kuazima. Ndugu zangu waliniambia kungoja ni kumwonyesha mwenzio kwamba humwamini. Lakini si yeye wa kuaminiwa au kutoaminiwa. Aliyeshika deni ni benki.

Barua ya kufungwa kwa mkopo ninayo sasa, ina mhuri na salio 0, na juzi nimeirudisha kwa yule kijana mpole aiingize kwenye maombi yangu mapya.

Kwa hiyo kabla hatujaendelea kumsema huyo mama kwenye magazeti, namuuliza ndugu msomaji: jina la shemeji yako limeshatoka kwenye mkopo?

Mama wa watoto wawili
(Jina na anwani vimehifadhiwa)