Jeannie hakuumbwa na kompyuta

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wa pwani wanaotengeneza filamu ina makosa matatu, mawili madogo na moja kubwa. Dogo la kwanza ni la picha. Mwanamke mliyemwita Jeannie, yule jini wa kipindi cha runinga cha "I Dream of Jeannie", ni Samantha, mchawi wa kipindi kingine, "Bewitched", kilichoanza Septemba 1964. Samantha huchezesha pua. Jeannie hukunja mikono mbele ya kifua, mmoja juu ya mwingine, akafumba macho kwa nguvu na kutikisa kichwa mara moja tu. Ampendaye hawezi kuwachanganya.

Kosa kubwa ni pale mwandishi wenu alipodai kuwa jini wa namna ile haonyeshwi katika filamu ya Lamu mpaka ipatikane kompyuta ya bei ghali na mtaalamu kutoka Nairobi. Jeannie alionekana mara ya kwanza katika runinga ya NBC, Marekani, tarehe 18 Septemba 1965. Vipindi vyake 139, hadi Mei 1970, vilipigwa kwa kamera ya filamu na kuunganishwa kwenye meza ya kukatia. Vile 30 vya mwaka wa kwanza havikuwa hata na rangi. Kutoweka kwake kote kulitegemea watu waliojua kutulia.

Kwa wasiomjua, Tony Nelson ni mwanaanga ambaye chombo chake kinaanguka kwenye kisiwa kisicho na watu katika Pasifiki ya Kusini. Anaokota chupa, moshi unatoka, na ndani ya moshi jini wa kike anayesema Kiajemi. Tony anatamani jini huyo angesema Kiingereza, na papo hapo anakisema. Kisha anamwachia huru, aende zake. Jeannie haendi. Anajirudisha chupani, na chupa inabingirika yenyewe hadi ndani ya mkoba wa Tony. Hapo ndipo tulipompendea: jini aliyeshika uhuru wake mkononi, akachagua kubaki. Sisi wa huku tumekua na majini wa kufukizwa na kuogopwa. Huyu ana wivu, ana pupa ya kusaidia, na kila msaada wake unamtia Tony matatani mbele ya Daktari Bellows, daktari wa akili wa kazini kwake. (Mwaka wa kwanza hadithi ilisema alikuwa binadamu aliyegeuzwa jini kwa kukataa kuolewa na jini la buluu, na baadaye akapewa ukoo mzima wa majini wa kuzaliwa. Hilo waandishi walikoroga, nasi tumewasamehe.)

Barbara Eden, aliyemcheza Jeannie, anasifiwa, na anastahili. Lakini nusu ya uchawi wa Jeannie umo katika mwili wa Larry Hagman aliyemcheza Tony. Jeannie anapotoweka kufumba na kufumbua, kilichotendeka ni kwamba kamera haikusogea, waliobaki waliganda kama walivyo, yeye akatoka kwa miguu yake, na kipande cha kutoka kwake kikakatwa. Ujanja huo ni wa zamani kuliko runinga yenyewe. Mtengeneza filamu Mfaransa, Georges Méliès, alikuwa akiutumia mjini Paris mwaka 1896.

Kwa simu ya kawaida, kazi ni hii. Simu iwekwe mahali isipotikisika. Stendi ya miguu mitatu inafaa, ila zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba zetu za kale, zinafaa zaidi: iingize ndani ya kidaka, ibane kwa kifuko cha mchanga cha robo kilo, imetulia. Bonyeza kioo kwa kidole mpaka alama ya kufuli itokee, ili mwanga na fokasi vifungwe. Usipofunga, mwigizaji aliyevaa nguo nyeusi akiondoka, simu itapima mwanga upya, na ukuta wa chokaa uliokuwa mweupe utageuka kijivu mbele ya macho ya watazamaji. Kama unapiga ndani kwa taa za umeme, chagua fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde badala ya 30. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi hupepesa mara 100, na hesabu ya 30 isipolingana nao huleta mistari inayopanda na kushuka ukutani.

Washa kamera na usiizime mpaka mwisho. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Huizima Jeannie anapotoka, huiwasha akishatoka, na kila kidole kinapogusa simu picha inasogea. Hata nusu milimita inaonekana, kwa sababu jicho la mtazamaji halimtafuti aliyetoweka; linautazama ukuta uliobaki, na ukuta ukiruka, basi.

Jeannie akunje mikono, afumbe macho, atikise kichwa. Kichwa kikifika chini, msimamizi aseme "Tulia!" Waliobaki wagande, naye atoke akitembea. Asikimbie, maana upepo wa nguo zake utatikisa pazia. Sekunde 5 zinatosha. Msimamizi ahesabu 2 nyingine kimoyomoyo, aseme "Endelea", na hapo ndipo Tony ashtuke.

Anayeganda ndiye mwenye kazi ngumu, naye asiachwe na mikono hewani. Mkono ulioinuliwa bila pa kuegemea hushuka polepole, na mwenyewe hajui. Ndani ya sekunde 7 unaweza kushuka vidole viwili, na kwenye filamu utaonekana umeruka. Kwa hiyo kiwiko kiegemee meza au baraza ya daka (ukumbi wa mlangoni), mgongo uguse ukuta, macho yashike kitu kimoja, tuseme msumari. Avute pumzi nusu na kuizuia. Akipepesa macho katikati si neno, kipande hicho kinatupwa. Asipepese tu pale mwanzo na pale mwisho.

Kwenye programu ya kuhariri, sogeza fremu moja moja. Kata mahali kichwa kilipofika chini kabisa, kisha tupa yote mpaka fremu ambayo mwili wake umekwisha kutoka, na kivuli chake pia. Kivuli husahaulika sana. Mtu ameshafika barazani, kivuli chake bado kimelala sakafuni.

Mji wetu una maadui wake kwa kazi hii. Wa kwanza ni upepo. Leso iliyoanikwa nyuma ya waigizaji ikishikwa na kusi haitakuwa na mikunjo ileile baada ya sekunde 7, kwa hiyo iondoe, au ishone mawe madogo kwenye pindo. Wa pili ni mawingu: kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, kina mwanga mzuri, lakini wingu likipita kati ya "Tulia" na "Endelea" ukuta mzima unabadilika rangi. Pigia kwenye kivuli cha daka lisiloelekea jua. Paka na punda hawana dawa, rudia tu.

Sauti nayo inakatika pamoja na picha. Mlio wa boti ya mota unaopanda polepole utaruka ghafla, na masikio yatagundua kabla ya macho. Baada ya kupiga, watu wote wanyamaze, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali pale, uzitandaze chini ya mkato. Saa ya adhana acha kazi kabisa, kwa heshima, na kwa kuwa adhana haikatiki.

Moshi usiufukize mbele ya waigizaji. Moshi haugandi, na kwenye mkato utaruka vibaya kuliko kitu chochote. Upige peke yake: tundika buibui jeusi lisilong'aa, weka chetezo mbele yake kiasi cha mita moja na nusu, makaa mawili yaliyokolea, na ubani wa ukubwa wa njugu. Mulika tochi kutoka ubavuni, isiguse buibui. Piga kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde kama simu inaweza, halafu ipunguze kasi kwa nusu. Moshi mdogo unaokwenda taratibu huonekana mkubwa. Uweke juu ya picha kwa njia ya kuchanganya iitwayo "skrini", inayofuta cheusi na kuacha cheupe. Ukiona wingu la kijivu la mraba, buibui lilipata mwanga. Punguza mwanga wa kipande hicho mpaka weusi uwe weusi kweli. Moshi uanze fremu 3 kabla ya mkato, nao utafunika hata mkono wa Tony ulioteleza kidogo.

Chupa ya Jeannie ilikuwa ya kuuzia pombe, ya Jim Beam, ya mwaka 1964, ikapakwa rangi na kunakshiwa. Hapa hatuna haja nayo. Mrashi wa shaba, wa kunyunyizia marashi, una tumbo la mviringo na shingo ndefu vilevile, na ukiusugua kwa ndimu na majivu unashika mwanga vizuri kuliko kioo.

Kosa dogo la pili: mwandishi wenu alitaja dada mwovu wa Jeannie, mwenye nywele nyeusi na nguo za kijani, akasema waigizaji walikuwa wawili. Ni Barbara Eden huyohuyo. Hili nalo linawezekana Lamu. Simu ileile isiyosogea, mwigizaji acheze upande wa kushoto, abadili nguo, acheze wa kulia, kisha picha mbili ziunganishwe katikati. Weka mpaka kwenye mwimo wa mlango, si kwenye ukuta mtupu, na mwigizaji asinyooshe mkono kuuvuka, maana utakatika kama umepitishwa panga. Kwenye upande ambao hayupo tundika kofia kwenye msumari, usawa wa macho ya dada yake, azungumze nayo. Upande huo utatupwa, na kofia pamoja nao. Kubadili nguo kukichukua robo saa, jua limesogea karibu digrii 4 na vivuli vya pande mbili havitaelewana, kwa hiyo pigeni ndani, madirisha yamefungwa, kwa taa.

Jeannie na Tony walioana katika kipindi cha tarehe 2 Desemba 1969, na taabu ya arusi ile ilikuwa kwamba jini akipigwa picha haonekani. Nyinyi mna picha zake. Tunaomba toleo lijalo lichapishe moja iliyo sahihi, mikono ikiwa imekunjwa na macho yamefumbwa.

Mashabiki wa Jeannie,
Langoni, Lamu